Mbwa Aliyeitwa Ndugu

Siku hizi mbwa wa mjini Sumbawanga hulishwa biskuti za pakiti ili anyanyue mkono apigwe picha, na zamani zile kijijini kwetu mbwa alihukumiwa kufa kwa kuitwa kwa jina na kunyanyua mkono huo huo.

Nayasema haya kwa sababu majuzi nilipita karibu na stendi nikakuta kijana amezungukwa na wenzake, anamfundisha mbwa kukaa. Mbwa anaitwa Bosi. Bosi akikosea anapigwa kibao cha shingo, akipatia anapewa biskuti, na mwenzake mmoja kashika simu anapiga picha. Nikasimama kuangalia. Kijana akanisalimia, "Mambo, babu," kana kwamba tulicheza gololi pamoja. Nikamwuliza kazi hiyo kafundishwa na nani. Akasema kajifunzia kwenye simu, na kwamba huku kwetu haikuwahi kuwepo, maana wazee walijua kumpiga mbwa mawe tu.

Nilikwenda zangu nyumbani, na ugali wa mchana ule haukupita kooni. Wazee walijua kupiga mawe tu! Basi na aambiwe Zenon Sikazwe alikuwa nani. Yeye kijana hatasoma, najua, lakini pengine atasoma mtu mwingine.

Zenon hakuwa mtu wa kuandikwa na watu. Hakuwa katekista wala jumbe wala mwalimu. Alikuwa mlimaji kama sisi sote, mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye kofia ya pama iliyochakaa ukingo. Mke wake, Luciana, alifariki na mtoto tumboni mwaka wa pili wa ndoa, naye hakuoa tena. Wakati ule hatukuishi kwa mistari. Kila mmoja alikaa kwenye shamba lake, nyumba huku, nyumba kule, na katikati majani na upepo. Ukitaka kumwita jirani ulipaza sauti, na kwa kuwa nchi yetu ya Ufipa ni wazi na miti ni michache, sauti ilifika.

Zenon alikaa ng'ambo moja ya kijito cha Nakasitu. Ng'ambo ya pili alikaa kaka yake, Adriano. Baba na mama mmoja. Mzee wao alipofariki, Adriano aliwachukua ng'ombe wote kwa hoja kwamba Zenon hana watoto wa kunywesha maziwa. Maneno hayo aliyasema matangani, mbele ya watu, kaburi la Luciana bado halijaota majani. Zenon hakubishana. Alichukua jembe lake na mtoto wa mbwa aliyezaliwa nyumbani kwa baba yao, akavuka kijito akarudi kwake.

Masika ya mwaka ule Zenon alitumbukia katika shimo la kutegea nguruwe pori, akavunjika mguu. Alilala ndani tangu mahindi yanachipua mpaka yanatoa mbelewele. Sisi majirani tulipokezana kumpelekea chakula na kuni. Adriano hakufika. Alisema kijito kimejaa. Kijito cha Nakasitu, ambacho mbuzi alikivuka bila kulowesha tumbo! Aliyekaa na Zenon mchana na usiku ni yule mtoto wa mbwa, wa rangi ya udongo, mkono wake mmoja wa mbele mweupe. Alilala akiuegemea ule mguu mbovu na kuutia joto, na baridi ya Ufipa wanaijua walioilala.

Siku Zenon alipoweza kusimama, alitoka mlangoni na gongo lake, akajaza pumzi kifuani akamwita mbwa kwa mara ya kwanza kwa jina.

"Ndugu!"

Sauti ilivuka kijito. Ng'ambo ya pili Adriano alikuwa anachonga mpini. Aliyekuwepo anasema shoka lilisimama hewani.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu nalo limekufa. Zamani kwetu jina la mbwa halikuwa la mbwa, lilikuwa la jirani. Neno usiloweza kumwambia mtu usoni ulimpa mbwa wako, halafu ukamwita mbwa jioni mtu akiwa anasikia. Palikuwa na mbwa aliyeitwa Watasema. Palikuwa na mwingine aliyeitwa Mbona Wewe, wa mama mmoja aliyegombana na wifi yake. Na mambo haya yalikuwa na sheria. Aliyelengwa hakasiriki, maana akikasirika amekiri. Mwenye mbwa naye hafafanui. Ukimwuliza maana yake atakwambia, "Huyu ni mbwa tu." Akilifafanua amelivunja, na heshima yake imevunjika pamoja nalo. Hivyo ndivyo watu walivyogombana miaka na miaka bila kutukanana. Leo ndugu wa tumbo moja wanavuana nguo kwenye simu, dunia nzima inasoma, na wanaona ndiyo maendeleo.

Basi kila jioni Zenon aliita "Ndugu!" na kila jioni Adriano alisikia, akanyamaza. Ingeishia hapo. Wangezeeka hivyo, kijito katikati, na mmoja angemzika mwenzake.

Ikaja operesheni ya vijiji, mwaka wa sabini na nne. Sitaki kusema yote yalikuwa mabaya. Tulipata shule, tulipata zahanati, na mimi nilipata kazi ya kuuza duka la kijiji. Lakini nyumba ziligawiwa kwa mistari kama mahindi, bila mtu kuulizwa nani kakosana na nani. Zenon na Adriano walipewa viwanja vya kutazamana. Mlango wa huyu ulifunguka kwenye mlango wa yule, barabara ndiyo iliyowatenga. Sasa Zenon hakuwa na haja ya kupaza sauti. Akisema "Ndugu" kwa kunong'ona, Adriano aliyekaa kwenye kigoda chake anasikia.

Mbwa naye alipoteza kazi. Kule kwa zamani alifukuza nyani na nguruwe tangu alfajiri. Shamba la pamoja lilikuwa mbali, likilindwa kwa zamu na watu wenye madebe ya kupiga. Mbwa wa kazi akikosa kazi hutafuta yake. Huyu alianza na kuku. Fransiska, mke wa Adriano, alipoteza tetea, na kwa jinsi alivyokuwa mama wa watu hakugomba, alimwambia tu Zenon, "Shemeji, mtafutie huyu shughuli."

Ndipo Zenon akaanza kumfundisha. Alifanyia kazi hiyo mbele ya duka langu, kwenye benchi, kwa kuwa mimi nilikuwa na kitu alichokihitaji. Malori ya samaki kutoka Kasanga, kule ziwani, yalikuwa yakitushushia migebuka mikavu, na chini ya gunia hubaki vichwa na mikia iliyovunjika ambayo hakuna anayeinunua. Nilimpa Zenon. Alivimega vipande vidogo kama punje ya harage, akavitia mfuko wa koti.

Naona bado alivyofanya. Alikishika kipande juu ya pua ya mbwa, akakipeleka nyuma polepole kuelekea masikioni. Mbwa akifuata kwa macho kichwa kinapanda, makalio yanashuka. Yakigusa tu chini, kipande kimeingia mdomoni, si kabla, si baadaye. Hakutumia fimbo. Nilipomwuliza kwa nini hampigi kidogo ili aelewe upesi, alisema, "Ukimpiga atajua kwamba wewe unauma. Kukaa hatakujua." Na kila amri aliitanguliza kwa jina, ili mbwa ajue kwamba anaambiwa yeye. Ndugu, kaa. Ndugu, lala. Ndugu, mkono.

Kufika kipupwe mbwa alikuwa anakaa, analala chali kama maiti, anazunguka mara moja na kusimama. Akiambiwa "mkono" aliketi na kuunyanyua ule mkono mweupe juu kabisa, usawa wa sikio, akangoja. Lililowafurahisha watu zaidi lilikuwa la kusali. Zenon alimwekea mbwa kipande cha mgebuka juu ya pua, halafu akaanza kusema sala ya chakula, taratibu, bila kuruka neno. Mbwa alitulia huku mate yanamdondoka. Zenon akifika kwenye "Amina", kipande kilikuwa hewani, kikaishia mdomoni. Mama mmoja alisema laiti watoto wake wangesubiri vile. Watu walianza kuja dukani hata wasipohitaji kitu. Walileta ukoko wa ugali wa ulezi, walileta mifupa. Kijiji kile kilichokusanywa kwa lori, watu hawajazoeana bado, kilijifunza kucheka pamoja mbele ya mbwa yule. Kumbuka hilo, msomaji, kwa sababu watu hao hao nitawataja tena.

Mwaka uliofuata tuliletewa katibu mpya wa tawi la Chama. Kijana kutoka Mbeya, jina lake Isakwisa, msafi, suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mtu mbaya siku ile anafika. Alishuka kwenye lori mbele ya duka, mavumbi yamemjaa, akaja kwenye benchi. Zenon alikuwa amempa mgongo, anafundisha.

"Ndugu, kaa," alisema Zenon.

"Asante, ndugu," alisema Isakwisa, akakaa.

Mbwa akakaa pia. Watu waliokuwa dukani wakaanza kubana midomo.

"Ndugu, mkono."

Isakwisa, kijana aliyelelewa vizuri, alisimama nusu na kunyoosha mkono wake amsalimie mwenyeji wake. Mkono ukabaki hewani. Mbele yake Zenon alikuwa ameshika mkono wa mbwa.

"Vizuri, Ndugu," alisema Zenon, akamtia mbwa mgebuka mdomoni.

Sikuwahi kuona watu wakicheka vile. Mama mmoja alikumbatia gunia la chumvi asianguke. Zenon aligeuka, akamwona mgeni na mkono wake uliosahauliwa, akavua kofia upesi. Alitaka kutengeneza akazidi kuharibu. "Samahani, mgeni. Nilikuwa nasema na mbwa."

Wakacheka upya.

Isakwisa aliushusha mkono. Kicheko kilipoisha chenyewe, akauliza, "Huyu mbwa anaitwa nani?"

"Anaitwa Ndugu."

"Unajua maana ya neno hilo?"

"Nalijua kuliko wewe, mwanangu," alisema Zenon.

Nawauliza wasomaji wangu, hapo kosa liko wapi? Mtu mzima angecheka na wengine, akaomba kipande cha mgebuka naye amlishe mbwa, na kesho yake kijiji chote kingekuwa chake. Lakini kijana yule alikuwa ameaibika siku ya kwanza ya kazi, na mwenye cheo akiaibika hasemi nimeaibika, husema Chama kimetukanwa. Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye mkutano wa wiki ile alisema neno ndugu ndilo msingi wa ujamaa wetu, ndilo lililoondoa bwana na mtwana, na kwamba mtu anayempa mbwa jina hilo anasema wananchi wote ni mbwa, wanakaa wakiambiwa kaa, wananyoosha mikono wakiambiwa nyoosha, wakitupiwa mkia wa samaki. Watu walitikisa vichwa kwa uzito. Mimi nilijiuliza, wazo hilo la mikono na mkia wa samaki Zenon hakuwahi kulisema, sasa limetoka kichwani mwa nani?

Na tazama ilivyogeuka. Kijana huyo aliyelitetea neno ndugu kwa jasho alipanda vyeo akastaafu akiitwa mheshimiwa, na ukimwita ndugu leo utaona uso wake. Neno lenyewe limebaki kwenye matangazo ya msiba. Mbwa anaitwa Bosi, na hakuna bosi anayelalamika.

Zenon aliambiwa mpaka mkutano ujao mbwa awe na jina jingine, la sivyo ataangamizwa kama chombo cha uchochezi. Mwenyekiti wa kijiji, Adolfu, ambaye alikuwa mtu laini na mwoga, alijitahidi kusaidia akapendekeza Popi.

Zenon alijaribu. Wengi hawalijui hilo, wanasema alikuwa mkaidi. Mimi nilimwona kwenye benchi kila jioni, mfuko umejaa, anasema, "Popi, kaa." Mbwa aligeuka nyuma kumtafuta Popi. Alipewa kipande akakila kwa adabu, kisha akageuka tena kumtafuta. Mbwa mwenye akili vile angebadilika, sina shaka, kama angeachwa. Lakini kijiji kizima kilikuwa kinamwita kwa jina lake la zamani kutwa nzima! "Habari za asubuhi, ndugu." "Ndugu, nipishe nipite." "Ndugu, sukari imekuja?" Ilikuwa ndiyo lugha ya wakati ule, na hasa baada ya hotuba ile hakuna aliyethubutu kuiacha. Kila aliposikia, mbwa alimwendea aliyetamka, akaketi mbele yake, akangoja. Wote tulikuwa tunamfundisha yale yale ambayo Zenon alikuwa anajitahidi kuyafuta.

Palikuwa na mtu mmoja tu wa kumwokoa mbwa yule. Adriano angesimama na kusema, "Jina hilo ni langu. Nilipewa mimi na mdogo wangu, kwa jambo la nyumbani, miaka mingi kabla ya kijiji hiki." Maneno hayo tu. Isakwisa angekosa kesi. Wazee wa kwetu wote walijua, lakini hawawezi kumsemea mtu fumbo lake. Zenon hawezi kulifafanua. Nimekwisha eleza sheria. Aliyepewa ndiye mwenye ruhusa ya kulipokea.

Fransiska alimwomba mume wake. Alinisimulia mwenyewe dukani, huku amegeuza uso. Alimwambia, "Baba Zita, simama useme. Jina ni lako, na mbwa hana kosa." Adriano akajibu kwamba akisema hivyo atalazimika kueleza habari za ng'ombe, za mguu, na za kijito. Wakati ule alikuwa ametajwa kuwa mtunza ghala la kijiji. Nani atamkabidhi chakula cha watu wote mtu aliyemnyima mdogo wake? Akamwambia mkewe mbwa watazaliwa wengine.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ghala, upepo unapeperusha kanga za wanawake. Zenon alikuja na mbwa wake bila kamba. Isakwisa akamtaka amwite kwa jina jipya, watu waone.

"Popi, kaa," alisema Zenon.

Mbwa akageuka nyuma. Wachache walicheka, wakajikohoza.

Mwenyekiti Adolfu, kwa kumwonea huruma, alimwuliza Zenon kama ana la kujitetea. Zenon alivua kofia. Nakumbuka sauti yake haikupanda.

"Jina hili sikulitoa kwa ajili ya Chama. Nililitoa tawi la Chama halijafika kwetu. Aliyepewa yupo hapa na analijua."

"Ni nani?" aliuliza Isakwisa.

"Atajitaja."

Tulingoja. Wazee wote walikuwa wanamtazama Adriano, aliyesimama karibu na ukuta wa ghala anaizungusha kofia yake vidoleni kama anatafuta ncha yake. Adolfu naye alijua. Akamfungulia mlango wazi kabisa. "Mzee Adriano," alisema, "wewe ni kaka yake. Unajua lolote kuhusu jina hili?"

"Mimi sijui mambo ya mbwa," alisema Adriano.

Nimeishi miaka mingi, nimesikia waongo wa kila aina wakiapa kwa kila kitu kitakatifu. Sijasikia uongo mdogo kuliko ule uliofanya kazi kubwa kama ile. Zenon alirudisha kofia kichwani.

Ikabidi kura ipigwe, maana tulikuwa tunaamua mambo kwa pamoja, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yetu. Adolfu akasimama, akapangusa uso, akatumia maneno aliyoyazoea.

"Ndugu zangu," alisema.

Mbwa alisimamisha masikio, akamtazama, akaketi.

"Wanaokubali mbwa huyu auawe, mkono juu."

Na mkono wa kwanza kupanda kwenye uwanja ule ulikuwa mweupe. Aliunyanyua juu kabisa, usawa wa sikio, kama alivyofundishwa, akangoja.

Kicheko kilitoka kabla watu hawajajizuia, kikakatika kama uzi. Nadhani sekunde ile ingetosha. Mtu mmoja angesema, basi jamani, twendeni nyumbani. Lakini Isakwisa alikuwa anatazama nyuso, moja moja, na kicheko kile kilikuwa kimemkumbusha benchi la dukani. Mkono mmoja ukapanda nyuma. Ukapanda mwingine. Aliyekumbatia gunia la chumvi alinyoosha. Yule wa "laiti watoto wangu" alinyoosha. Waliomletea ukoko, waliomletea mifupa, walinyoosha mikono ile ile, pengine bado inanuka mgebuka. Adriano aliinyoosha kofia yake badala ya mkono, ikahesabiwa.

Mbwa alikuwa bado ameunyanyua mkono wake, umeanza kutetemeka kwa kuchoka.

Zenon akatia mkono mfukoni, akatoa kipande, akainama akampa.

"Kwa nini unamlisha?" aliuliza Isakwisa.

"Amefanya alichoambiwa," alisema Zenon. "Lazima apewe."

Ndiyo maana nilishindwa kula siku ile ya stendi. Kijana wa biskuti anadhani kumfundisha mbwa kumeanza naye. Kwetu alikuwepo mtu ambaye hata mbwa wake alipopiga kura ya kujiua, hakumnyima haki yake kwa kuwa kazi ilifanywa sawasawa. Sisi binadamu, je? Tulipofanya kazi sawasawa tulipewa nini, na nani aliinama kutupa? Lakini nisitoke kwenye habari.

Mgambo waliambiwa waje asubuhi kumwua mbwa. Kulipokucha baridi ilikuwa kali, umande umekuwa mweupe kwenye majani. Nilikuwa nafungua duka. Zenon alitoka na blanketi begani, jembe, na sufuria moja iliyofungwa kwa kamba. Mlango aliuacha wazi, kwa kuwa hakuacha kitu ndani. Wajomba zake walikuwa wavuvi upande wa Kasanga, huko ndiko alikoelekea. Kuondoka kijijini bila ruhusa lilikuwa kosa jingine, na sidhani kama alilifikiria. Alipita dukani. Nilimpa vichwa vyote vya mgebuka vilivyobaki kwenye gunia, vimefungwa kwenye gazeti. Alinipa mkono, akashika barabara.

Mbwa hakumfuata mara moja. Fransiska alikuwa na desturi ya kumpa ukoko kila asubuhi, na asubuhi ile pia alikuwa ametoka nao, analia bila sauti. Mbwa alikuwa mbele ya mlango wa Adriano, anakula. Na Adriano mwenyewe alikuwa kizingitini, ameegemea mwimo, macho chini.

Zenon alikuwa amekwishafika mwisho wa mstari wa nyumba. Aligeuka. Akajaza pumzi kifuani kama zamani kule Nakasitu, wakati kijito kilikuwa katikati na sauti ilibidi ivuke.

"Ndugu!"

Mbwa aliacha ukoko. Adriano aliinua kichwa. Nilimwona kwa macho yangu, sikusimuliwa: alitoa mguu mmoja nje ya kizingiti, kama mtu aliyeitwa.

Zenon alingoja pale mwisho wa nyumba. Sijui alikuwa anamtazama nani. Ukingo wa kofia ulimfunika macho. Alingoja muda ambao mbwa hakuuhitaji, kwa kuwa mbwa alikuwa amekwishafika, ameketi mbele yake, ameunyanyua mkono. Zenon aliushika, akampa kipande, akageuka.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipowaona, mmoja mrefu na blanketi lake, mwingine wa rangi ya udongo ubavuni pake, wanashuka taratibu kuelekea ziwani. Adriano alibaki na mguu mmoja nje na mmoja ndani mpaka mteremko ukawameza.